Jaketi Namba Tatu

Sura ya Sita

Siku ya tatu tangu Barafu afe, mvua ilikuwa bado haijaamua kunyesha wala kuacha. Bi Tena alisimama kwenye ngazi za jengo la mashine za kompyuta, akakung'uta viatu, akatazama juu. Jengo halikuwa na dirisha hata moja. Lilikuwa kuta za kijivu tu, na juu ya paa mafeni makubwa yakizunguka bila kupumzika.

Bi Tena si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wahalifu, na wenzake kituoni wakalidaka, maana kila aliyemaliza kumsimulia jambo aliambiwa neno moja tu: tena. Akishasimulia tena, aliambiwa tena. Wasema kweli walichoka wakakasirika. Waongo walichoka wakakosea. Kwa miaka ishirini na mbili hiyo ndiyo iliyokuwa silaha yake, na hakuwahi kuona haja ya kutafuta nyingine.

Nyuma yake alikuja sajenti wake, mwanamume mnene mwenye mafua yasiyoisha, amekumbatia jalada la kesi ndani ya koti la mvua ili lisilowe. Walikuwa na muda hadi saa kumi alasiri. Saa hiyo mkuu wa kituo alitaka hati ya mashtaka mezani kwake, na kesho asubuhi mtuhumiwa apelekwe mahakamani kujibu shtaka la kuua kwa kukusudia.

Ukisoma lile jalada, ungeshangaa wamerudi kufanya nini. Marehemu alikuwa fundi mkuu wa kupoza mashine, mzee wa miaka hamsini na tisa mwenye shinikizo la damu, na kwa kazi yake hiyo watu walimwita Barafu. Alikutwa amekufa ndani ya uchochoro wa joto, nyuma ya makabati ya kompyuta, komeo la mlango limefungwa kwa nje. Daktari aliandika: joto kali, moyo ukashindwa. Aliyefunga komeo alijulikana, na hakukana. Alikuwa fundi msaidizi, kaka wa marehemu mke wa Barafu. Barafu alikuwa akimwita shemeji, jengo zima likafuata, na jina likamganda mpaka kwenye kadi ya kazini.

Sababu nayo ilikuwepo. Mwaka jana, kwenye msiba wa dada yake, Shemeji alisimama mbele ya waombolezaji akasema Barafu ndiye aliyemuua mkewe kwa kumchelewesha hospitali, kwa kuwa siku ile alikuwa huku akihangaika na mashine zake. Watu wakawashika wasipigane. Na shahidi alikuwepo, tena shahidi wa ndani: binti wa Barafu, mfanya usafi, aliyemwona mjomba wake kwa macho yake akifunga ule mlango.

Kesi ilikuwa imeiva na kupakuliwa. Kilichomkaa Bi Tena kooni ni shati.

Kwenye picha, Barafu alikuwa amelala kifudifudi na shati la mikono mifupi. Ukumbi wa mashine ni wa baridi ya kugandisha vidole, na kila fundi amepewa jaketi zito la bluu lenye namba mgongoni. Majaketi yalikuwa sita. Matano yalionekana. La Barafu, namba tatu, halikuwa mwilini, halikuwa uchochoroni, halikuwa ndani ya sanduku lake la nguo.

Mlangoni walipokewa na mlinzi, mtu mkavu mwenye masweta mawili, aliyenyoosha sinia la plastiki bila kusalimu. Simu zote hubaki hapa, alisema, hata za polisi. Ndiyo amri, tangu mtu apige picha ndani. Bi Tena akaweka simu yake kwenye sinia, akauliza kama Barafu naye aliacha yake. Mlinzi akajibu kwamba aliiacha, na kwamba iliita mara mbili asubuhi ile na yeye akaitazama tu ikicheza juu ya sinia. Aliposema hivyo alijishughulisha kupanga simu ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

Ndani, jambo la kwanza lililowapiga si baridi bali kelele. Maelfu ya mafeni madogo yalivuma kwa pamoja, sauti moja isiyopanda wala kushuka, na ili usikike ilibidi umkaribie mtu sikioni kama unamsengenya mwingine. Mafundi wenyewe huvaa viziba masikio. Bi Tena akaandika kwenye daftari: *ukigonga, nani atasikia?*

Meneja wa jengo aliwaongoza. Alikuwa mwanamume wa makamo, tai imenyooka, mwenye tabia ya kuanza kila jibu na "kwa mujibu wa kanuni". Hata hivyo alieleza vizuri, lazima akubaliwe kwa hilo. Baridi inapulizwa chini ya sakafu, alisema, inatoka kwenye vigae hivi vyenye matundu. Kompyuta zinaivuta kwa mbele, zinapoa, zinaitema kwa nyuma ikiwa moto. Ndiyo maana makabati yamepangwa safu mbili zinazopeana migongo, na kati ya migongo hiyo kuna uchochoro ambao umezibwa kwa mabati mpaka darini. Joto lote linatemewa humo, mafeni ya juu yanalinyonya. Likivuja likachanganyika na baridi, kazi yote ni bure.

"Na mlango?" aliuliza Bi Tena.

Mlango ulikuwa mmoja tu, wa bati, upande wa pili ni ukuta. Upepo wa ndani ulikuwa unausukuma ukifunguka wenyewe, kwa hiyo zamani fundi mmoja aliupigilia komeo kwa nje, komeo lenyewe la aina ya mabanda ya kuku. Halipo kwenye michoro ya jengo, alisema meneja haraka, akataka hilo liandikwe. Kwa mujibu wa kanuni hakuna mtu anayeruhusiwa kukaa humo ndani. Huingiwa mara moja kwa mwezi, kwa kibali.

"Tena," alisema Bi Tena.

Meneja akarudia. Mara ya pili ilikuwa mara moja kwa wiki.

Wakahamia chumba cha kioo chenye skrini za kumbukumbu. Mashine hizi huandika kila kitu, na Bi Tena alizipenda kwa hilo, hazina aibu wala undugu. Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya tukio: mashine ya pili ya kupoza imezimwa ili kusafisha vichujio. Hiyo ilikuwa kazi ya Shemeji, iliyopangwa tangu wiki iliyotangulia. Kabla ya kuzima ni lazima mlango wa uchochoro ufungwe komeo, maana mafeni ya juu nayo husimama na joto hutafuta pa kutokea. Saa nne na nusu, joto la uchochoro nyuzi arobaini na moja. Saa tano kasoro ishirini, arobaini na saba. Saa tano, hamsini na mbili. Mashine iliwashwa tena saa tano na dakika hamsini.

Kisha akaona mstari mwingine. Saa tano kasoro robo, seva ya nane, moja ya zile kompyuta, safu ya kushoto, imezimika. Dakika moja baadaye imewaka. Imezimika. Imewaka. Mara nne, kisha ikazimika moja kwa moja. Na mbele ya kila mstari: kengele ya tahadhari imelia, kengele ya tahadhari imenyamazishwa.

"Nani aliinyamazisha?"

"Mimi," alisema meneja. "Ni kawaida. Wakati wa kusafisha, kengele hulia hovyo kwa sababu ya joto."

"Seva ya nane iko usawa gani?"

Meneja akaonyesha nyonga yake.

"Waya wake wa umeme unachomolewa wapi?"

"Kwa nyuma."

"Kwa nyuma, yaani kutoka ndani ya uchochoro."

Tai ya meneja ilikuwa bado imenyooka, lakini uso ulikuwa umemshuka kama wa mtu aliyeulizwa jina la mwanawe akalisahau.

"Alikuwa anawaita," alisema Bi Tena. "Alichomoa na kuchomeka mara nne ili mumwone. Nawe ukamnyamazisha mara nne."

Hasira ilimpanda, akaimeza kwa kuwa haikuwa na kazi pale. Sasa alielewa kwamba neno kuua lingemfaa sana meneja. Akipatikana muuaji, hakuna atakayeuliza habari za komeo wala za kengele. Lakini kumnyamazisha mtu kwa uzembe si kumfungia, na swali la shati lilikuwa palepale.

Walirudi kwenye mlango wa bati wao wawili tu, yeye na sajenti. Sajenti alikuwa anatetemeka, kamasi linamtiririka, na alipoukaribia mlango akahisi vuguvugu likipenya kwenye nafasi ya chini. Akaomba ruhusa aingie aote kidogo, dakika mbili tu, afande, mbavu zinanigonga. Bi Tena akamkubalia kwa kichwa. Sajenti akafungua, joto likamkumba usoni, akacheka kwa raha. Ndani kulikuwa na joto la kumfanya mtu avue, naye koti lake la mvua lilikuwa zito na linachuruzika. Akageuka kutafuta pa kuliweka. Pembeni, juu ya mlango, palikuwa na msumari. Akalitundika, akaingia, akauvuta mlango nyuma yake.

Bi Tena akabaki analitazama lile koti.

Alisogea. Kichwa cha msumari kilikuwa kinang'aa kama kitasa cha mlango wa duka, na chini yake rangi ya bati ilikuwa imechubuka kwa kusuguliwa na nguo, miaka na miaka. Watu waliofanya hivi hawakuwa mmoja wala wawili. Alirudi hadi mlangoni kwa mlinzi, akamshika mkono taratibu, akamleta mbele ya lile koti.

"Hii ni nini?"

Mlinzi akatazama nyuma kwanza, kuhakikisha meneja hayupo.

"Mafundi wanapaita jikoni, mama," alisema. "Ukishinda kwenye baridi hii saa sita, saba, mifupa inauma. Unaingia jikoni, unaota robo saa, unatoka mtu mzima. Jaketi unaliacha nje, huko ndani litakuchemsha. Basi ikawa ndiyo alama. Jaketi likiwa msumarini, kuna mtu jikoni. Msumari ukiwa mtupu, hakuna mtu, funga. Ya nini kuita? Utaita nani akusikie?"

"Nani alianzisha?"

"Barafu mwenyewe. Siku moja alimfungia Shemeji humo ndani bila kujua, karibu dakika kumi. Alipomtoa, alilia. Kesho yake akaja na nyundo na msumari. Miaka kumi na moja sasa, haijawahi kukosea."

"Nani anajua habari za msumari huu?"

"Mafundi na mimi. Bosi hajui, akijua atafukuza watu."

"Wafanya usafi?"

Mlinzi alitazama viatu vyake, akavuta mikono ya sweta la juu mpaka ikafunika vidole. Wafanya usafi ni wa kampuni nyingine, alisema hatimaye, wanaingia, wanasafisha na kutoka, hata majaketi hawapewi. Halafu, kwa sauti ambayo Bi Tena alilazimika kumwinamia ili aisikie, akaongeza kwamba yule binti siku ile ilikuwa ya pili tu kazini. Baba yake ndiye aliyemwombea nafasi.

"Alitoka humu akiwa amevaa nini?"

"Mimi nakagua simu, mama. Nguo za watu sikagui."

Hilo lilikuwa jibu tosha. Bi Tena akagonga mlango wa bati kwa ngumi mara tatu kumtoa sajenti. Hakutoka. Akagonga tena kwa nguvu zake zote, mkono ukamuuma. Sajenti hakusikia kitu, alitoka baadaye kwa hiari yake, uso umemchangamka, akashangaa kuona bosi wake anasugua ngumi na macho yamemwiva.

Ndani ya gari, vioo vikiwa vimejaa ukungu, alimwambia sajenti atoe maelezo ya binti. Sajenti ndiye aliyeyachukua, kwa hati yake ya mviringo. Binti alisema alikuwa ameingia chini ya vigae kusafisha, kichwa tu kikiwa juu, hatua kama kumi kutoka pale. *Mjomba alifika mlangoni akatazama juu, kama mtu anayetafuta kitu, halafu akafunga komeo. Akageuka, akaniona, akanipungia mkono.* Maneno ya kutazama juu sajenti aliyapigia mstari kwa wino mwekundu, na pembeni akaandika: *alikuwa anatafuta kamera.*

"Kuna kamera pale juu?" aliuliza Bi Tena.

Sajenti akafikiri. "Hakuna, afande."

"Kuna nini?"

Sajenti akageuka kutazama koti lake la mvua lililokuwa kiti cha nyuma. Chafya iliyokuwa inamjia ikarudi ilikotoka.

"Afande," alisema, "yule binti alikuja na jaketi kubwa la bluu. Alikaa ameegemea ukuta. Nilidhani ni lake. Yule mtoto amefiwa, nani angemkagua?"

Bi Tena alikunja ile karatasi, akairudisha kwenye jalada. Kisha akamwambia sajenti awapeleke kituoni.

Saa tisa kasoro robo Shemeji aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye mikono ya kazi, kucha zimeingia grisi isiyotoka. Kwa siku tatu alikuwa ametoa sentensi moja tu, na hata kabla ya kuketi aliitoa tena.

"Mimi ndiye niliyefunga."

"Hilo nimelisikia mara kumi na tatu," alisema Bi Tena. "Leo sikuombi urudie. Leo nitasema mimi. Ulifika mlangoni, ukatazama msumari. Msumari ulikuwa mtupu. Ukafunga."

Shemeji akaiondoa mikono yake mezani.

Bi Tena akaendelea taratibu, kama anayesoma orodha ya vitu vya marehemu. Sentensi moja tu ingemtoa ndani tangu siku ya kwanza: msumari ulikuwa mtupu. Mafundi wote wangemuunga mkono. Mlinzi angemuunga mkono. Badala yake amekaa siku tatu anajichimbia kaburi, na hajasema kwamba alikosea wala kwamba hakujua. Mtu anayetaka kuua hampungii mkono shahidi. Kwa hiyo haogopi kitakachompata yeye. Anaogopa swali ambalo lingefuata, kwamba jaketi lilikwenda wapi.

"Ulijua lini?" aliuliza.

Nje, bomba la paa lilikuwa linamwaga maji kwenye pipa.

"Amekula?" aliuliza Shemeji.

"Nani?"

"Mpwa wangu. Leo amekula?"

"Yuko nje kwenye benchi, tangu asubuhi. Anasubiri kusikia kwamba umeshtakiwa."

"Basi mpe anachokisubiri, afande. Niandikie hiyo kesi niondoke."

Kisha, kwa kuwa ukimya wa siku tatu ni mzigo hata kwa mtu wa mikono kama ile, alisema. Alipofungua komeo ile saa tano na dakika hamsini alimkuta shemeji yake sakafuni, na kitu cha kwanza alichokiona ni lile shati. Akawaza, jaketi liko wapi? Alitoka mbio kuita watu. Ukumbini hakumkuta mtu. Korido ya nje akakutana na binti, anakuja na ndoo, anatabasamu, amevaa namba tatu mikono imemfunika hadi vidoleni. Mjomba, humu ndani kuna baridi jamani, ndivyo alivyomwambia. Pale pale alielewa yote, mwanzo hadi mwisho, na pale pale akakata shauri.

"Mimi na baba yake tuligombana, ndiyo. Maneno ya msibani niliyasema, na tangu siku ile sikuwahi kumwomba radhi. Nilidhani tuna muda." Alijifuta uso kwa bega. "Sikiliza, afande. Akinichukia mimi, atapona. Mjomba anachukiwa, maisha yanaendelea. Lakini hilo lingine, yule mtoto hataweza kuishi nalo. Amezika mama mwaka jana."

"Nikiandika hivyo, utakaa ndani maisha yako yote."

"Nina miaka hamsini na nne. Yeye ana ishirini na tano."

Bi Tena alikuwa ameona wengi kwenye kile kiti, wakijikanyaga kwa uongo ili watoke. Hakuwahi kumwona aliyekaa kimya namna ile ili asitoke. Roho ilimuuma, na hakujitia kuwa haimuumi. Alimwambia ukweli. Alisema hawezi kusaini kwamba mtu ameua wakati hakuua. Shemeji akasema basi, aandike ni ajali, ila asitaje jaketi. Bi Tena akatikisa kichwa. Bila jaketi hakuna msumari, na bila msumari kuna mtu aliyefunga komeo na mtu aliyekufa ndani, na meneja atasimama kizimbani na tai yake aape hajawahi kusikia habari za jikoni. Ajali ile ilishikiliwa na uzi mmoja tu, na huo uzi ulikuwa umekaa pale nje kwenye benchi.

"Nakuomba," alisema Shemeji. "Nakuomba kwa jina la dada yangu."

Bi Tena akamwita askari amrudishe mahabusu kwa mlango wa nyuma, ili asipite kwenye korido.

Saa tisa na nusu alimwingiza binti. Alikuwa mwembamba, macho yamevimba, na lile jaketi lilimmeza. Sajenti alikuwa amempita mara sita siku ile pale kwenye benchi, naye Bi Tena mara nne. Alikataa kuketi. Alitaka kujua kama mjomba wake ameshtakiwa, na kwa nini inachukua siku tatu wakati yeye amekwisha kusema alichokiona. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba alikuwa anampenda mjomba kuliko watu wote baada ya baba, na kwamba anatamani angekuwa mtu mwingine.

Bi Tena alimwambia anahitaji lile jaketi, kama kielelezo.

Binti akajikumbatia. "Lina harufu ya baba."

"Najua. Utarudishiwa."

Alilivua polepole, mkono mmoja, kisha wa pili, akabaki na blauzi nyepesi. Alilishika kidogo, akaona meza imejaa makaratasi, akageuka kutafuta pa kuliweka. Mlango wa chumba kile ulikuwa na msumari ambao askari hutundikia kofia. Akalitundika hapo. Namba tatu ikawatazama wote wawili.

"Siku ile ulilitoa wapi?" aliuliza Bi Tena.

"Lilikuwa limetundikwa. Pale kwenye ule mlango, msumarini." Aliinua mabega. "Nilisikia baridi. Nikajua ni la baba, amelisahau, nikajua yuko juu ya paa na mafeni yake. Nikalichukua. Hata nyumbani tangu utoto mimi huvaa majaketi yake."

"Ulilichukua kabla mjomba hajafika, au baada?"

"Kabla. Alinikuta nimeshalivaa."

Hapo ndipo Bi Tena, kwa miaka ishirini na mbili, huwa anasema neno lake. Hakulisema. Aliiweka kalamu mezani, akasukuma kiti kuelekea kwa yule binti, na binti safari hii akaketi. Alikuwa anatazama mlango. Alilitazama jaketi, kisha ule msumari, kisha komeo dogo la mlango lililokuwa chini yake.

"Mjomba alitazama juu," alisema.

Mvua ilikuwa imeamua sasa, inanyesha sawasawa.

"Alitazama juu ya mlango kwanza. Halafu ndipo akafunga."

Bi Tena akanyoosha mkono, akamshika vidole. Vilikuwa vya baridi. Binti hakuuondoa mkono wake na hakulia bado. Aliendelea kuutazama ule msumari, na bila kuombwa na mtu, akaanza kusimulia tena.